Sebule: kijani kilichokoza au krimu? Fundi anaanza Jumamosi, naomba mawazo

Mama Sebule (mleta mada)

Habari zenu wana jukwaa. Wenye uzoefu wa rangi za ndani naomba mnisaidie, maana hapa nyumbani tumegawanyika na fundi anaanza kazi Jumamosi ya wiki ijayo.

Nyumba ipo Goba, Dar es Salaam. Skimu ya kuta (lile tabaka laini jeupe la juu ya plasta) imeshapigwa na msasa umepita. Sebule ina urefu wa mita 5, upana mita 4, na kutoka sakafuni hadi darini ni mita 3. Dirisha kubwa lipo kwenye ukuta wa mita 4 unaotazama magharibi. Dirisha la pili ni dogo, linatazama kusini, na nje yake kuna mwembe wa jirani ambao matawi yanakaribia kugusa nondo. Ukuta wa mashariki ni mtupu, hauna mlango wala dirisha. Dari ni jipsamu nyeupe, sakafu ni vigae vyekundu vya rangi ya tofali, makochi ya kahawia.

Mume wangu anataka krimu kuta zote nne. Hoja yake ni mwanga: watoto wanafanyia kazi za shule kwenye meza ya chakula iliyo humo humo, na mama yake anayekaa nasi macho yamepungua nguvu. Mimi nataka kijani kilichokoza, kile cha jani la mwembe lililokomaa, tena kuta zote. Nyumba zote tulizowahi kupanga zilikuwa krimu kuanzia sebuleni hadi stoo, na hii ndiyo ya kwanza ambayo hakuna mwenye nyumba wa kunipangia rangi.

Naombeni hoja, msinipe kura tupu. Kijani kitafanya chumba kionekane kidogo? Kitaongeza joto, hasa kuanzia Desemba hadi Machi? Na krimu itahimili mikono ya watoto?

Jirani wa Madale

Krimu. Ukitaka rangi weka kwenye mapazia na mito, ukichoka unabadilisha bila kumwita fundi.

Kijani Milele

Kijani, dada. Umesubiri nyumba yako miaka yote, sasa imefika unataka kuishi kama mpangaji?

Fundi Rola

Dada, nimeona umeeleza chumba vizuri kuliko wateja wengi, lakini umeacha jambo ninaloliuliza kwanza kila nikiingia kwenye nyumba ya mtu. Hicho chumba mnakikalia saa ngapi? Sebule ya watu wanaorudi saa 1 usiku na sebule ya mtu anayeshinda nyumbani zinahitaji rangi tofauti hata kama kuta zinalingana.

Halafu usichague kwa simu. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake chenyewe, ukuta unategemea mwanga unaoupata. Kile kijani ulichokiona kwenye picha ya nyumba ya mtu kilipigwa picha chini ya taa za mtu huyo, pengine kikarekebishwa kabla ya kuwekwa mtandaoni. Kadi ndogo ya dukani nayo inadanganya kwa namna yake. Rangi ikishajaa ukuta mzima huonekana kali zaidi kuliko kwenye kadi, kwa sababu kuta zinarushiana rangi. Manjano inazidi kuwa manjano, kijani kinazidi kuwa kijani.

Fanya hivi. Omba kwa seremala vipande viwili vya hadibodi, vya nusu mita kwa nusu mita au zaidi. Vipake undakoti nyeupe kwanza. Nunua kopo dogo kabisa la kila rangi, paka mikono miwili (yaani tabaka mbili) kila kipande, ukiacha ukingo mweupe wa vidole viwili kuzunguka pande zote. Huo ukingo ni muhimu, unazuia jicho lisilinganishe rangi mpya na ukuta ulio nyuma yake. Subiri hadi kesho yake, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi na ikikauka hukoza. Baada ya hapo egemeza vipande ukutani, leo ukuta huu, kesho ule, uviangalie asubuhi, saa 7 mchana, saa 11 jioni, na usiku taa zikiwaka.

Usipake viraka vya majaribio moja kwa moja ukutani. Kingo za kiraka zinabaki na unene, ukipiga rangi juu yake zinaonekana jioni mwanga ukija kwa ubavu.

Mchora Ramani

Naongezea kwenye alichosema Fundi, kwa upande wa jua.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba jua la saa 6 mchana linakuwa upande wa kaskazini, na Juni linaegemea huko kwa takriban nyuzi 30. Kuanzia Oktoba linahamia kusini, lakini hata Desemba linaegemea nyuzi 17 hivi tu, kwa hiyo paa lenye ukingo wa kutosha linalizuia lisiingie kwenye dirisha lako la kusini saa za mchana. Maana yake dirisha hilo dogo mwaka mzima linakupa mwanga wa anga, na kwako anga lenyewe limepita kwenye majani ya mwembe. Mwanga unaoingia hapo una ukijani ndani yake tayari. Krimu iliyo karibu nalo itageuka, uitazame kwa makini.

Dirisha la magharibi ni habari nyingine. Saa 10 jioni na kuendelea jua linashuka, linaingia bapa hadi mwisho wa chumba na kugonga ule ukuta mtupu wa mashariki. Hakuna ukingo wa paa unaolizuia jua la saa hizo. Ukuta huo ndio unaoamua sebule yako iweje jioni.

Kuhusu ukubwa wa chumba: kila rangi ina kipimo cha mwanga inaorudisha, kuanzia 0 kwa nyeusi kabisa hadi 100 kwa nyeupe kabisa. Kinaitwa LRV, na kwenye kadi nyingi kimechapwa nyuma. Krimu nyingi ziko kati ya 70 na 85. Kijani unachokitaka kwa kawaida ni kati ya 5 na 12. Ukipaka kuta zote kijani, taa ile ile uliyonayo sasa itaonekana kama imepunguzwa, kwa sababu mwanga ukigonga ukuta mara moja sehemu kubwa umemezwa. Mama mkwe wako ataliona hilo kabla yako. Na umeme ukikatika, mkawasha taa moja ya kuchaji mezani, kwenye chumba cha krimu mwanga wake unazunguka hadi pembeni. Kwenye chumba cha kijani chote unabaki mezani.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawaambiwi: usipake rangi nzito kwenye ukuta wenye dirisha. Mchana jicho linaona kioo kinachong'aa katikati ya ukuta wa giza, linachoka. Ukuta wa dirisha uwe mweupe au krimu ili tofauti ipungue. Rangi nzito ikae kwenye ukuta unaopokea mwanga.

Ukuta Mweupe

Mkuu Mchora, hujajibu la joto. Mimi nimewahi kuishi kwenye chumba cha bluu nzito, kilikuwa cha moto hadi usiku.

Mchora Ramani

Nalijibu. Jua likishapita kwenye kioo limeshaingia ndani. Likigonga ukuta wa krimu linadunda kwenda ukuta mwingine, sakafu, makochi, na mwishowe sehemu yake kubwa inageuka joto humo humo. Kidogo tu kinatoka tena dirishani. Kwa hiyo rangi ya ndani haibadilishi sana joto la chumba kizima. Kweli, ukuta mzito uliopigwa na jua moja kwa moja ukiugusa utaukuta na moto kuliko wa krimu, na aliyeuegemea atalisikia joto. Lakini chumba kinachochemka hadi usiku kinachemshwa na bati juu na ukuta wa nje wa magharibi uliolowa jua tangu mchana. Hapo ndipo pa kuweka rangi nyepesi: nje, na kwenye bati. Ndani, pazia zito au kivuli nje ya dirisha vitakusaidia kuliko krimu.

Mama Sebule (mleta mada)

Asanteni sana, nimejifunza mengi ndani ya siku moja. Nijibu swali la Fundi: mchana mama mkwe anakaa sebuleni na mtoto mdogo, kochi lake limeligeuzia dirisha kubwa mgongo, anatazama huo ukuta wa mashariki. Sisi wengine tunaingia kuanzia saa 11 jioni na tunakaa hadi saa 4 usiku. Taa ni mbili za darini, nyeupe kali zile za LED. Hadibodi nimeshaagiza.

Taa ya Kandili

Dada, hizo taa nyeupe kali angalia boksi lake, bila shaka limeandikwa 6500K. Mimi ni fundi umeme, na nimeona watu wanalaumu rangi kumbe kosa ni la balbu.

Namba hiyo inaeleza rangi ya mwanga wenyewe. 2700K na 3000K ni mwanga wa njano, 4000K uko katikati, 6500K unakaribia bluu. Krimu chini ya 6500K inapoteza joto lake, inaonekana nyeupe iliyochafuka kidogo. Kijani kilichokoza chini ya hiyo hiyo kinavutwa kwenye bluu. Ukirudi kwenye 3000K, krimu inageuka manjano kabisa na kijani kinapata uhai, ila kama kilikuwa na ukahawia ndani yake kinaweza kuonekana kama cha jeshi.

Tafuta pia alama ya CRI au Ra, inayoeleza balbu inaonyesha rangi kwa usahihi gani. Nyingi za sokoni ni 80. Ukipata 90 au zaidi, rangi zinaonekana karibu na zilivyo mchana. Na unaponunua soma lumeni, yaani kiasi cha mwanga, usisome wati peke yake. Balbu ya LED ya wati 9 kwa kawaida inatoa lumeni 800 hivi. Ukipaka sehemu ya chumba rangi nzito, ongeza chanzo cha mwanga. Taa ya mezani pale watoto wanaposomea, na moja ya pembeni inayomulika ukuta. Taa moja katikati ya dari kwenye chumba chenye rangi nzito inakuachia pembe za giza.

Ushauri wangu: badilisha balbu kwanza, kisha ujaribu rangi. Ukifanya kinyume utajaribu mara mbili.

Mvita Mjini

Hujambo dadangu. Nawaandikia kutoka Mombasa, na mimi niko upande wa bwana wako.

Angalieni nyumba za mawe za Mji wa Kale hapa, za Lamu, za Mji Mkongwe Unguja. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana uliamuliwa na boriti za mikoko, na boriti hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Kuta nene, madirisha machache. Wazee hawakutia rangi nzito humo. Walipaka chokaa nyeupe, na ukuta wa ndani wakauchonga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, vivuli vya zidaka vikaupa ukuta kina bila rangi ya pili. Rangi waliiweka kwenye vitu: sahani za kaure ndani ya zidaka, mikeka, mazulia, mito ya kuegemea. Mwanga mdogo ulioingia kutoka uwani ulifika hadi mwisho wa chumba kwa sababu ya weupe ule. Mimi nimekulia kwenye chumba cha namna hiyo na hadi leo nikiingia kwenye sebule yenye ukuta wa giza kifua kinanibana.

La pili, mmesema rangi nyingi lakini hakuna aliyeuliza kama ukuta umekauka. Nyumba mpya, dadangu, plasta mpya. Chukua nailoni safi, bandika ukutani kwa tepu ya karatasi pande zote nne, iache mchana na usiku. Ukikuta matone ndani, ukuta bado unatoa maji, na rangi yoyote utakayopiga, iwe ya kijani au ya maziwa, itatoa malengelenge. Plasta ya saruji inataka kama mwezi mzima, na msimu wa mvua zaidi. Kama mchanga ulikuwa na chumvi utaona unga mweupe ukitoka. Upanguse kwa brashi kavu, usiuoshe kwa maji, halafu upige praima inayostahimili saruji. Kwenye krimu unga ule unaweza usionekane. Kwenye kijani utauona kutoka mlangoni.

Mama Sebule (mleta mada)

Asante kaka yangu wa Mombasa. Plasta ina miezi kadhaa, nailoni nitabandika leo usiku. Hoja ya mwanga kufika mwisho wa chumba nimemsomea mume wangu, amefurahi mno.

Mwalimu Chaki

Mbona hakuna aliyetaja kilichopo kila shule na kila zahanati? Chini kijani hadi mita 1.2, juu krimu. Wote wawili mnapata. Chini ndiko watoto wanakoshika, wanakoegemeza baiskeli, wanakopiga mipira, kijani kitavumilia. Juu kuna krimu ya kurudisha mwanga. Wengine wataona inafanana na wodi, lakini wodi inafanana na wodi kwa sababu ya rangi ya mafuta inayong'aa. Tumia isiyong'aa, weka ubao mwembamba kwenye mpaka, utaona ni kitu kingine.

Fundi Rola

Mwalimu umesema kweli na nimeifanya kazi hiyo mara nyingi. Tatizo ni chumba hiki chenyewe. Makochi yatafunika kijani karibu chote, yeye abaki anaangalia krimu ile ile aliyoikimbia. Pia ule mstari ukifika kwenye madirisha unakatwa, na kama kizingiti hakilingani na mita 1.2 unapata hatua mbaya. Ukiupenda sana, mstari upimwe kwa levo ya maji, lile bomba la plastiki lenye maji ndani, kuzunguka chumba kizima. Usipime kutoka sakafuni, maana sakafu huwa ina mteremko ambao macho hayauoni hadi uchore mstari.

Kwenye korido ningesema fanya leo hii hii.

Kijani Milele

Mimi bado nasema kuta zote nne. Chumba cha giza kidogo jioni kina utulivu wake, mnaongea tu lumeni na LRV kama vile watu wanaishi maabara. Kuna raha ya kuingia ndani kutoka kwenye jua la Dar ukakuta kivuli.

Mchora Ramani

Hiyo raha naikubali kabisa, na chumba cha kulala ndicho mahali pake. Humu kuna watoto wanaoandika na mzee anayetafuta miwani.

Mama Sebule (mleta mada)

MREJESHO. Nimeweka vipande kwa siku kadhaa, na nimebadilisha balbu moja ikawa 3000K, nyingine nimeiacha 6500K ili nilinganishe. Nawaeleza nilichokiona.

Asubuhi. Chumba hakina jua, mwanga ni wa mwembe na wa anga. Krimu niliyochagua ina manjano mengi; nilipoiegemeza kando ya dirisha la kusini iligeuka rangi ya mgonjwa, kijani-manjano. Mume wangu mwenyewe alisema hii hapana. Nilipoihamishia ukuta wa kaskazini ikawa ya kawaida, isipokuwa kipande kikiwa chini karibu na sakafu kinachukua wekundu wa vigae. Kijani asubuhi kilikuwa kizuri kila mahali ila kwenye ukuta wa dirisha kubwa. Pale kilionekana cheusi kabisa, hata mishipa ya jani niliyokuwa nikiifikiria haikuwepo, ni kipande cha giza pembeni ya kioo.

Saa 11 jioni ndiyo iliyonishtua. Jua liliingia, likapiga ukuta wa mashariki. Skimu ni nyeupe, na mama mkwe aliyekaa akiutazama alikuwa ameinua kiganja juu ya nyusi. Anafanya hivyo kila jioni na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nikaweka krimu mbele yake, akasema bado inawaka. Nikaweka kijani, akashusha mkono. Kipande chenyewe kilikuwa kimewaka dhahabu, nikaona ile rangi niliyoitaka tangu mwanzo, lakini hakikuumiza macho.

Usiku. Chini ya 6500K kijani kilikuwa cha bluu, cha baridi, sikukipenda. Chini ya 3000K kilikuwa chenyewe. Umeme ulikatika Jumanne, tukawasha taa ya kuchaji. Kijani kilipotea kabisa, krimu iliendelea kuonekana hadi pembeni. Hapo nikamkubalia mume wangu kwamba kijani kuta zote nne hapana.

Tumefikia hapa: ukuta wa mashariki kijani, kuta tatu zilizobaki krimu, ila krimu isiyo na manjano mengi kama ile ya kwanza. Nimeleta kipande cha pili cha krimu hiyo, kando ya mwembe kimebaki cheupe cha kawaida. Nailoni ilikuwa kavu.

Jirani wa Madale

Hapo mmefanya la maana. Nilikuwa nimejibu kwa haraka bila kufikiria mzee anatazama upande gani.

Mvita Mjini

Ukuta mmoja, tena wa ndani, siupingi. Mwanga utafika. Hongera dadangu, na mpe bwana wako salamu.

Fundi Rola

Kazi nzuri. Sasa hesabu, ili usinunue ndoo ya lita 20 ukabaki nayo stoo.

Ukuta wa mashariki ni mita 4 kwa 3, yaani mita za mraba 12. Rangi ya maji juu ya skimu laini inafunika kama mita za mraba 10 kwa lita, kila mkono. Kijani kizito huchanganywa kwenye besi isiyo na weupe, kwa hiyo kinafunika vibaya, hesabu mikono mitatu: mita 36, lita 3.6. Galoni moja la lita 4. Mwambie fundi wako undakoti ya ukuta huo itiwe kijivu, mikono mitatu itatosha bila shida.

Kuta nyingine tatu zina mita 42, ukitoa madirisha na milango zinabaki kama 34. Mikono miwili ni 68, kwa hiyo lita 7. Magaloni mawili ya lita 4, uyachanganye yote kwenye ndoo moja kubwa kabla ya kuanza, hata kama yametoka mashine moja siku moja.

Usikubali fundi akuchanganyie kijani kwa mkono, kwa kumimina steina kwenye rangi nyeupe. Kwanza kwa nyeupe hutafika kwenye uzito huo. Pili siku ukitaka kurekebisha kiraka hakuna atakayeipata tena. Ichanganywe kwa mashine na unakili namba ya mchanganyiko.

Aina: kijani kiwe kisichong'aa kabisa, maana jua la jioni likipita bapa kwenye rangi inayong'aa litaonyesha kila pito la mwiko. Sharti lake ni kwamba hakipendi kuguswa. Ukisugua sehemu moja inabaki na mng'ao. Ni ukuta usiopitiwa, utavumilia. Krimu karibu na swichi na meza ya watoto iwe ya silki inayofutika kwa kitambaa na maji ya sabuni. Hilo ndilo jibu la swali lako la mikono.

Kona mbili ambapo kijani kinakutana na krimu: krimu ipigwe kwanza hadi imalizike na ikauke. Bandika tepu kwenye kona upande wa krimu. Kabla ya kijani, pitisha brashi yenye krimu ile ile juu ya ukingo wa tepu. Itaziba vitundu vyote na kama kuna kitakachopenya chini ni krimu juu ya krimu. Ikikauka piga kijani, na tepu uivute kabla mkono wa mwisho haujakauka. Mstari utatoka kama umekatwa kwa wembe.

Mama Sebule (mleta mada)

Fundi, Mungu akubariki. Nimenakili kila neno, Jumamosi nitamsomea fundi wangu. Nina swali moja. Mlango wa sebule tumeutoa kwenye nyumba ya zamani ya baba mkwe, ni mninga, una tabaka za rangi ya mafuta, ya juu ni manjano kali. Nataka ukwanguliwe ubaki mbao. Apige msasa tu?

Mchora Ramani

Subirini hapo. Rangi ya mafuta ya zamani, hasa manjano na nyekundu kali, mara nyingi ilikuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, na za zamani zilivuka hapo kwa mbali sana. Vumbi la msasa mkavu ndilo lenye madhara, zaidi kwa mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni. Mlango utolewe nje mbali na watoto, ukwanguliwe kwa dawa ya kuondolea rangi au kwa msasa wa maji, fundi avae barakoa ya vumbi, na mabaki yakusanywe kwenye mfuko. Yasifagiliwe uani. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Rangi mpya za mafuta za vizingiti nunua zilizoandikwa hazina risasi.

Mama Sebule (mleta mada)

Mtoto mdogo anatambaa kweli. Mlango utaenda kwa seremala, hautakwanguliwa hapa. Balbu ya pili nayo nimeibadilisha leo. Picha nitaweka rangi ikishakauka, moja ya saa 11 jioni na moja ya usiku.

Taa ya Kandili

Ukipiga picha, weka karatasi nyeupe pembeni ya ukuta ionekane ndani ya picha. Simu inabadilisha rangi yenyewe. Tukiiona karatasi tutajua imebadilisha kiasi gani.